Unga wa Jiwe Jeusi

Masengo, mwanangu,

Daktari hakuuliza kile nilichomwambia Tata, baba yangu, kwamba ameuliza. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nimekwenda kitubio mara mbili tangu siku ile.

Naandika mezani, mchana wa mwisho kabla hujaondoka. Umelala kwenye mkeka karibu na miguu yangu, mdomo wazi, na pumzi yako inatoka na sauti ile ya karatasi inayokunjwa. Mama amekwenda sokoni kutafuta unga na samaki wakavu wa kupeleka Lubudi. Tata amekwenda kuonana na dereva wa lori ahakikishe kwamba kesho asubuhi wewe na Mama mtakaa mbele, si juu ya mizigo. Mnakwenda kwa Nkambo, mama yake Mama, kwa sababu daktari amesema kifua chako kitoke kwenye vumbi la migodi la hapa Musonoi. Mimi nabaki kwa sababu ya mtihani. Mambo ya dawa, ya sweta, ya kutokunyweshwa maji baridi, hayo Mama ameyashika yote kichwani. Siyaandiki hapa.

Nianze na hilo neno, mwanangu. Hujawahi kunisikia nikilitamka. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tano, na ulipoanza kusema ulimwita Mama yangu Mama, Tata yangu Tata, na mimi ukaniita Yaya, kama dada yako mkubwa. Hakuna aliyekufundisha, ulisikia tu vile nyumba inavyosema. Nami nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Watu wakiniuliza njiani, "Huyu ni mudogo wako?" nilikuwa nacheka kidogo, na mtu alichukua jibu alilolitaka. Baba yako alikwenda kuchimba upande wa Tenke kabla hujazaliwa, na hajatuma neno. Yeye ana barua yake ya kuandika, kama ataiandika. Hii ni ya makosa yangu.

Wewe utakumbuka "ndege" zangu kwa muda, halafu utazisahau, maana una miaka minne. Hazikuwa ndege. Zilikuwa vyombo vya angani, vya kusafiri kati ya nyota, vya kubuni tu, ambavyo hakuna mtu amevijenga. Vifuniko vya chupa vilikuwa injini. Mabomba ya sindano, bila sindano zenyewe, yalikuwa matangi ya mafuta. Ganda la rimoti ya televisheni lilikuwa mgongo wa chombo. Nilikuwa nimeona kwenye simu ya Mama picha za watu wa mbali wanaopaka rangi vyombo kama hivyo, vidogo vya kukaa mkononi, mpaka unaweza kuapa kwamba vimezeeka huko juu, vimepigwa na moto na mawe miaka mingi. Nilitaka hicho hasa. Kutengeneza umbo ni rahisi. Kazi ni kumfanya mtu aamini kwamba kitu hicho kimeishi.

Chombo cha kwanza nilikipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye madirisha. Kiling'aa. Mama alikitazama akauliza ni beseni ya kuogeshea nani. Basi nikachukua rangi ya kahawia nikakipaka uchafu kila mahali, juu, chini, pembeni, na kikawa beseni iliyoangukia matopeni.

Aliyenifundisha ni Tata. Zamani, kabla hajafukuzwa, alikuwa akitengeneza malori makubwa kwenye karakana ya mgodi, na chuma anakijua. Jumapili moja baada ya misa alinichukua mpaka kwenye barabara ambayo malori yanapandia kutoka shimoni. Tulisimama pale na nguo za kanisani, tunameza vumbi, na lori lilipopunguza mwendo akaninyooshea kidole ngazi ya dereva.

"Unaona? Katikati rangi imeisha, pembeni iko mupya. Ni juu ya miguu. Kila siku muguu unapita pale pale. Weye unapakaa buchafu kila fasi sawasawa, njo maana haidanganyi mutu. Buchafu iko na njia yake. Uliza kwanza inatoka wapi."

Kuanzia siku hiyo nilijifunza. Unayeyusha rangi nyeusi kwa petroli mpaka iwe maji, unaiacha ikimbie yenyewe kwenye mifereji, kisha unafuta juu kwa kitambaa. Unachana kipande cha godoro, unakichovya kidogo kwenye kahawia, unagusagusa kwenye kingo tu, pale ambapo chuma kingegongwa. Chini ya kila msumari unachora mstari mmoja wa kutu unaoshuka, mwembamba, kwa brashi iliyobaki nywele tatu. Tata alikuwa akitoka kazini anakaa kizingitini, anainua chombo kwenye mwanga na kuniambia, hapa kingevuja oili, hapa fundi angeweka mkono. Katika Musonoi nzima ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuniuliza kazi hii ni ya nini.

Wengine waliuliza. Siku moja kwenye bomba la maji, mwanamke mmoja jirani yetu alisema kwa sauti, ili wote wasikie: "Clarisse, kwenu mutoto ni nani? Ni ule mudogo, ao ni weye mwenye kucheza na bidude?" Walicheka wote, si kwa ubaya, walicheka tu kama watu wanaongoja maji. Nilijaza ndoo yangu nusu nikaondoka. Jioni ile nilihamisha kazi yangu kutoka kizingitini nikaiingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kitambaa. Mama alidhani nafunga kwa sababu ya vumbi la barabara. Nilifunga kwa sababu ya aibu.

Sasa nifike kwenye ule weusi.

Midomo ya injini lazima ionekane imeungua. Rangi nyeusi ya dukani inang'aa, hata ukiikausha vipi. Masizi ya makaa yanabaki kwenye vidole. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kulikuwa na magunia ya Tata. Unajua kwamba baada ya karakana alianza kufanya kazi na wachimbaji, kuosha mawe na kuyachagua, na mara nyingine mzigo ulilala kwetu ukingoja mnunuzi. Mle ndani kulikuwa na lile jiwe jeusi ambalo watu wote hapa wanalifuata, la kobalti. Nilichukua moja la ukubwa wa yai. Nikalitwanga ndani ya kopo la maziwa kwa kichwa cha bolti, nikalichekecha kwa soksi yangu ya shule, nikapata unga laini kuliko wa muhogo. Niliuchanganya na gundi nikaupaka kwenye injini.

Masengo, sijawahi kuona weusi kama ule. Ulikuwa unakula mwanga. Nilikaa nautazama mpaka nikasahau kupika. Tata alipokishika chombo kile alisema, "Hii imeungua kweli." Hakuuliza nimetumia nini, nami sikumwambia. Niliogopa ataninyima.

Na wewe ulikuwa pale. Kwenye chumba kilichofungwa ulikuwa pale kila siku, kidevu juu ya meza. Unga ukikaa mwingi, lazima uupulize utoke. Tulikuwa tunahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, halafu tunapuliza. Wingu jeusi lilipanda, ukacheka, ukapiga chafya, pua zako nyeusi kama za mtu aliyetoka shimoni. Nilikufuta kwa kitambaa kibichi, nawe ukasema, "Tena, Yaya." Tukafanya tena. Nina tabia ya kulamba ncha ya brashi ili nywele zikae pamoja, watu wengi wa kazi hii wanayo. Ulinitazama, ukaiga. Nilipokukuta na brashi mdomoni nilicheka, nikakwambia wewe tayari ni fundi. Kopo nililiweka chini ya kitanda, hiki tunacholalia wewe na mimi. Hiyo haikuwa siku moja. Ilikuwa kiangazi kizima.

Nimejiuliza kama nilijua. Tata hakuingia na nguo za kazi ndani hata mara moja. Alikuwa akioga nyuma ya nyumba kabla hajakugusa, na shati lake lilining'inia nje. Ukisogelea turubai alikufokea, yeye ambaye hafoki. Yeye jiwe alilizuia mlangoni, mimi nililipitisha kwenye mfuko wa sketi. Na shuleni tulisoma habari ya vumbi la madini na mapafu. Niliiandika kwenye mtihani kwa Kifaransa kizuri na mwalimu akanisifu. Lakini nilijua kwa Kifaransa cha daftari tu. Kwenye Kiswahili cha nyumbani, cha wewe na mimi na kopo, habari hiyo haikuingia.

Ulianza na kikohozi, na wote tukasema ni kiangazi. Kisha ukaanza kutapika asubuhi. Kisha gauni lako la Pasaka likahitaji pini kiunoni, halafu pini mbili. Tulikupeleka kliniki, Tata na mimi, yeye amekubeba.

Daktari alikuwa kijana aliyetoka Kinshasa, Kiswahili chake ni cha salamu tu, na Tata Kifaransa chake ni cha amri za karakana. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Daktari alikusikiliza kifua muda mrefu, akatazama kucha zako na ulimi wako. Kisha akanigeukia na kuuliza kwa Kifaransa: nani nyumbani anasaga au anachekecha jiwe karibu na mtoto? Alisema hali hii haioni kama kazi ya vumbi la barabara wala ya magunia yaliyofungwa, ni unga. Na je, mtoto ameumeza?

Aliniuliza mimi, machoni.

"Anasema nini?" Tata akauliza.

Nikasema, "Anauliza kama kuna mutu analetaka mawe kwa nyumba."

Tata aliinamisha kichwa. Alikuangalia ulivyokuwa umelala kwenye bega lake. Kisha akasema, polepole, "Mwambie ni mie."

Nikamgeukia daktari nikamwambia, ni babu yake.

Daktari alikasirika. Alimsemesha Tata maneno ambayo mtu hamwambii mzee, kwamba mtoto si chujio, kwamba tamaa inaua. Na hayo, Masengo, niliyatafsiri yote. Lile swali nililipinda, lakini matusi niliyafikisha mazima, neno kwa neno, kwa sauti ya upole ambayo watu wananisifia. Tata alikuwa akiitikia, "Ndiyo, docta. Ndiyo." Kuhusu kumeza sikumjibu, naye kwa hasira hakurudia.

Siku hiyohiyo Tata aliondoa magunia yote, akachoma lile shati, akaenda kuomba kazi ya kubeba matofali. Alihamia kulala jikoni nje. Zamani ulikuwa unalala juu ya kifua chake, na mate yako yanamlowesha. Sasa ukimwinulia mikono anasimama mbali, anaficha yake nyuma. "Mikono ya Tata ni michafu," anakwambia. Anaosha kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi imepasuka kati ya vidole. Nimemwona akiosha, nikarudi ndani.

Kopo nililitupa chooni siku ileile, hilo nilifanya haraka. Yaliyobaki niliyaahirisha. Nilijiambia kwamba unatibiwa, na kusema hakutaongeza dawa. Ni uongo. Daktari anatibu mtoto aliyevuta tu vumbi la kazi ya babu yake. Hajui habari ya mtoto aliyelamba brashi kiangazi kizima, na hajui kwa sababu yangu. Watu wanasema Clarisse ni mpole, hana maneno. Upole wangu umekula kifua chako.

Leo asubuhi tulikuwa tunafunga mfuko wako. Ulilia unataka ndege, ile kubwa, ya mwisho, ambayo nimeipaka nusu tu. Ile ina unga mwingi kuliko zote, na gundi imeanza kukatika, ukiigusa inaacha alama. Nikasema hapana. Nilipotoka kuanika nguo, Tata aliitoa juu ya kabati akaiweka mfukoni mwako. Nikaitoa. Akarudi, akaikuta mezani.

"Clarisse," alisema, "mutoto anaenda bila weye, bila mie. Na kile kidude unamunyima?"

Nikasema kitavunjika njiani.

"Kivunjike kwake."

Akachukua shati lake la kanisani, lile moja, akakifunga chombo nalo kama mtu anayemfunga mtoto mchanga, akakiweka chini ya magauni yako. Ulipiga makofi. Alikuwa kwenye kizingiti tena kabla hujamfikia, lakini nilimwona anatabasamu, na sijamwona hivyo tangu kliniki. Amedhani hatimaye amekupa kitu kisafi.

Alipotoka kwenda kwa dereva nilikitoa tena. Kiko hapa mezani, juu ya gazeti. Nguo zilizolala karibu nacho nimezitumbukiza kwenye maji, na shati pia.

Nilikaa kuandika nikiwa na mpango. Barua hii ningempa Mama ampe Nkambo, Nkambo aiweke kwenye Biblia yake, na siku utakapojua kusoma akupe. Niliona ni jambo la ujasiri. Nimefika karibu mwisho wa karatasi ya tatu ndipo ninajiona. Nimechagua kumwambia mtu pekee katika nyumba hii asiyejua kusoma. Kabla hujafika kwenye mstari huu Tata atakuwa amebeba matofali miaka kumi, ameosha mikono miaka kumi. Na Lubudi, ukikohoa, watamtibu yule mtoto wa vumbi la babu yake.

Basi nimeandika karatasi nyingine, kwa Kifaransa, ya kliniki ya kule. Fupi. Jiwe gani, nililisaga vipi, muda gani, kwamba ulilivuta na ulilimeza, na kwamba aliyeandika ni mama yako. Nililiandika neno hilo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mkono uliufuta wino kabla haujakauka. Nitampa Mama mkononi, na sitampa kabla sijamweleza kwa mdomo.

Sijui kama nitapaka tena. Natamani niseme nimeacha, ingependeza kwenye barua. Lakini kila nikiona ngazi ya lori bado naangalia katikati palipochakaa. Nikirudia, nitafanya kizingitini, kwa rangi ya dukani inayong'aa, na wanaocheka watacheka. Wewe pia utapenda kitu ambacho watu hawakielewi, nakuona ulivyo. Kipende pale wanapokuona. Na mtu akikuuliza jambo, jibu lile alilouliza. Sina ushauri mwingine, na huo wenyewe bado sijaujaribu.

Sijui utarudi lini, wala ukirudi utaniita nani. Ukitaka, Yaya inatosha.

Nasikia viatu vya Tata kwenye changarawe. Amepita jikoni. Amesimama nje ya mlango, sasa anakohoa, si kikohozi cha ugonjwa, ni kile cha makusudi, mara mbili. Ndivyo anavyofanya kila akirudi tangu siku ya kliniki. Ananipa nafasi nikuondoe njiani kabla hajapita, asije akakugusa. Na kila siku nimekuondoa.

Umelala pale pale, mguu mmoja nje ya mkeka. Nimemwambia aingie tu. Sikuondoi, na mkono niliokuwa nimefunika nao karatasi nimeutoa, aweze kuyasoma.